Mbao zinaungua nje, ndani bado mbichi: simulesheni ya kompyuta inaweza kunisaidia kupanga joto la tanuri?

RandaNyembamba

Habarini wadau. Nina tanuri dogo la kupika mbao, na hapa siongelei kukausha kwa kawaida, naongelea ile ya kupandisha joto mpaka digrii 200 na kitu bila hewa ili ubao wenyewe ubadilike, uwe wa kahawia mpaka ndani, usinyonye maji ovyo na usivimbe vimbe. Oksijeni naifukuza kwa mvuke. Mbao ni paini, unene milimita 50, zinaingia na unyevu wa asilimia 14 hivi.

Ratiba yangu ni hii: saa mbili kufika digrii 130, saa moja kutoka hapo mpaka 210, nakaa hapo saa mbili, halafu napoza. Kwenye geji ya tanuri kila kitu kinaonekana safi kabisa. Lakini juzi nilichukua ubao mmoja nikaukata katikati na msumeno, nikaona kitu kilichoniuma sana. Nje milimita kumi hivi ni kahawia iliyokolea karibu na nyeusi, ukiikwangua kwa kucha inatoka vumbi, halafu katikati kuna doa refu kama jicho, rangi ileile ya paini mbichi, na ndani ya hilo jicho kuna nyufa tatu ambazo huwezi kuziona kwa nje hata ukigeuza ubao mara mia. Harufu ya siki inatoka kwenye ile sehemu ya nje tu, jicho lenyewe linanuka paini kama limetoka kupasuliwa jana. Sasa hao wateja wanapokea ubao mzuri kwa macho kumbe ndani hauna kazi, na mimi hilo silitaki.

Kila jaribio ni siku nzima na mbao zinapotea. Nimesikia watu wanatumia simulesheni ya kompyuta, yaani kuiga kwa hesabu kinachotokea ndani ya ubao, kupanga ratiba ya joto. Je, ni kitu mtu wa kawaida mwenye laptopu anaweza kufanya, au ni mambo ya maabara kubwa tu? Najua Python kidogo, ile lugha ya kuandika programu, hesabu za shule nilikuwa vizuri. Naombeni mwanga.

joto_na_nyuzi

Mkuu karibu, na asante kwa kukata ubao na kuangalia ndani maana wengi hawakati. Jibu fupi ni ndiyo, unaweza, na modeli ya kwanza haizidi mistari mia moja ya programu. Jibu refu naliandika hapa chini kwa sababu hii kitu naipenda.

Kwanza tuelewane ndani ya ubao kinatokea nini. Geji yako inapima hewa. Ubao hauijui geji, unajua joto linaloufikia kwenye ngozi yake na jinsi linavyopenya kwenda kati, na mti ni kizuizi kizuri sana cha joto. Ukipima kukatisha nyuzi, uwezo wake wa kupitisha joto ni kama wati 0.1 mpaka 0.2 kwa mita kwa digrii, kufuata urefu wa nyuzi ni mara mbili hivi na zaidi. Kwa paini kavu ya kilo 500 kwa mita ya ujazo, kasi ya joto kusambaa inakuja kama 1.6 kwa milioni kumi ya mita mraba kwa sekunde. Chukua nusu unene wako, 0.025, ipige kwa yenyewe, gawa kwa hiyo namba, unapata kama sekunde 3,900, yaani saa moja na dakika tano. Hiyo ndo saa ya asili ya ubao wako, kadirio la muda wa joto kupenya mpaka kati. Na kwa kuwa unene unapigwa kwa wenyewe, ubao wa milimita 100 hausubiri mara mbili, unasubiri mara nne. Kwa hiyo ukiazima ratiba ya mtu anayepika mbao za milimita 25 ukaiweka kwako, umeshapotea kabla hujawasha.

Sasa ongeza maji, na hapa ndo siri ya lile jicho lako. Asilimia 14 ya kilo 500 ni kilo 70 za maji kwenye kila mita ya ujazo. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunakula megajuli 2.26, hivyo zote 70 ni karibu megajuli 158. Kuupasha mti wenyewe mkavu kutoka digrii 20 mpaka 200 ni kama megajuli 143. Umeona hiyo? Yale maji machache unayodhani yameshaisha yanakula moto mwingi kuliko mbao yenyewe! Wakati tanuri lako limefika 210 nina hakika kiini kilikuwa bado kinachemsha maji kikiwa kwenye mia na kidogo, na mvuke uliokosa pa kutokea ndo ukapasua zile nyufa tatu.

Modeli yenyewe ni hivi. Fikiria tu ubao umekatwa kama kitabu chenye kurasa, kila ukurasa milimita 2.5. Pande mbili zinafanana kwa hiyo fanya nusu tu, kurasa kumi. Kila hatua ya muda, joto jipya la ukurasa = joto lake la zamani + F × (joto la jirani wa kushoto + joto la jirani wa kulia − mara mbili ya joto lake). F ni ile kasi ya kusambaa mara hatua ya muda, gawa kwa unene wa ukurasa uliopigwa kwa wenyewe. F lazima isizidi 0.5, ikizidi namba zinalipuka na utaona joto la digrii milioni, kwa hiyo kwa vipimo hivi hatua yako iwe chini ya sekunde 19, weka 10 ulale salama. Ukurasa wa nje unapokea joto kutoka kwenye hewa ya tanuri. Na ukurasa wowote wenye maji ukifika mia, moto unaoingia unatumika kwanza kukausha maji hayo, joto halipandi mpaka yaishe. Huo mwisho ni urahisishaji mkubwa, maji yaliyoshikwa na nyuzi hayatoki yote kwa 100 kamili, lakini kwa kuanzia utashangaa ulivyo karibu na ukweli.

Kitu kimoja usikifanye uvivu: uwezo wa mti kubeba joto haukai palepale. Mti mkavu ni kama kilojuli 1.2 kwa kilo kwa digrii ukiwa baridi, na karibu 1.9 ukifika digrii 200. Ukiweka ile namba ya baridi toka mwanzo mpaka mwisho, kiini cha kwenye kompyuta kitawahi kupata moto kuliko cha kweli.

Mzee wa Msasa

Vijana mimi sipingi, nauliza tu kwa nia njema. Mti sio chuma. Ubao mmoja umetoka karibu na moyo wa mti, mwingine pembeni, mmoja mzito mwingine mwepesi, mmoja una kifundo kikubwa katikati. Kompyuta inajuaje? Mimi nimekausha mbao maisha yangu yote kwa kusikiliza, kunusa na kupima uzito, na ninaloliogopa ni kijana kuamini mstari kwenye kioo akaacha kufungua macho.

joto_na_nyuzi

Shikamoo mzee. Hoja yako ni ya kweli kabisa na ndo maana modeli haiendeshwi mara moja. Unaiendesha mara 500 usiku, kila mara unabadilisha uzito wa mti na unyevu wa mwanzo ndani ya mipaka uliyoipima kwenye mbao zako mwenyewe, asubuhi unaangalia ule ubao mbaya kuliko yote, mzito na wenye maji mengi, je naye amefika? Ratiba unaipanga kwa ajili yake. Na kupima uzito uliosema mzee ndo kipimo bora kuliko vyote, nakuja hapo.

kiini_cha_ubao

Naongezea kwa upande wa kemia maana joto peke yake halitoshi kusema ubao umeiva.

Kwenye mti kuna vitu vitatu vikubwa: selulosi, hemiselulosi na lignini. Hemiselulosi ndo dhaifu, inaanza kuvunjika mapema, na ikivunjika inatoa asidi ya asetiki, hiyo ndo harufu ya siki unayoisikia. Asidi hiyo nayo inarudi kuharakisha uvunjikaji. Hemiselulosi ndo iliyokuwa inapenda maji zaidi, kwa hiyo ikipungua ubao unanyonya unyevu kidogo na unatulia, kuvimba na kusinyaa kunaweza kupungua hata nusu. Lakini hauipati bure, ubao unakuwa mkavu wa tabia, unavunjika kirahisi, nguvu ya kupinda inashuka. Ukiona inatoka vumbi kwa kucha ujue umeshavuka, ile ngozi ya nje imepikwa kupita kiasi.

Kwenye modeli hii unaiweka kama kasi ya mmenyuko inayotegemea joto, fomula ya Arrhenius. Kwa mfano ukiweka nishati ya kuamsha mmenyuko ya kilojuli 125 kwa moli, kutoka digrii 200 kwenda 210 kasi inakaribia kuwa mara mbili. Digrii kumi tu! Sasa fikiria ngozi iko 210 na kiini kiko 150, hao wawili hawapiki chakula kimoja hata kama wako ubao mmoja. Ndo maana mimi kwenye grafu siangalii joto, naangalia uzito uliopotea wa kila ukurasa, nataka ukurasa wa nje na wa ndani wamalize karibu sawa.

Na kuhakiki ni rahisi: kausha kipande kwenye digrii 103 mpaka uzito usibadilike tena, pima, pika, kausha tena, pima. Ukipima bila kukausha kwanza utahesabu maji kama mti uliopotea na modeli yako yote itapinda.

Halafu tahadhari. Juu ya 200 ule mmenyuko wenyewe unatoa joto. Kwenye mbao nene zilizobanana kiini kinaweza kuipita hewa ya tanuri, kiendelee kupanda wakati wewe umeshapunguza moto. Kwa hiyo weka kipengele hicho kwenye hesabu kama unafikiria unene mkubwa zaidi. Na tafadhali usifungue mlango ukiwa na haraka, mbao za moto namna hiyo zikipata hewa zinaweza kuwaka zenyewe. Poza kwa mvuke na maji ya kunyunyiza mpaka ushuke chini ya 90 kwanza.

laptopu_na_vumbi

Mimi nilipita njia hii na nataka kukuokolea wiki mbili za maisha. Nilitengeneza modeli, nikaweka themokapo, ule waya wa kupima joto, kwenye ubao, nikalinganisha, haviendani kabisa. Kiini cha kweli kilikuwa kinapanda haraka kuliko cha kwenye kompyuta, kwa digrii 40 hivi. Nikabadilisha kila namba kwenye programu, nikasoma usiku, nikaanza kuamini fomula ina makosa. Mwisho nikauchomoa ule waya nikaangalia tundu. Nilikuwa nimetoboa kutoka juu moja kwa moja, tundu pana kuliko waya, mvuke wa moto unaingia mpaka chini, na waya wenyewe wa chuma unavuta joto kutoka nje kupeleka kwenye ncha. Yaani kitu nilichokuwa napima ni hewa ya tanuri iliyojificha ndani ya tundu.

Toboa kutoka ubavuni, katikati ya unene, tundu jembamba liingie sambamba na uso mpana wa ubao, angalau milimita 60 ndani, sio kwenye kichwa cha ubao kwa sababu kule joto linaingia kwa kufuata nyuzi. Ziba na kijiti cha mti uleule na gundi inayovumilia moto. Weka mbili, moja kiini na moja milimita 5 kutoka juu. Usianze hata kufungua Python kabla hujapata mistari hiyo miwili ya kweli.

Na jaribio moja litumie kurekebisha namba zako, jaribio lingine tofauti litumie kuhakiki, bila kugusa namba. Ukirekebisha na kuhakiki kwa data ileile utajidanganya, modeli yoyote inaweza kupindishwa ipite kwenye nukta za jana.

mpangilio

Swali kwa wajuzi, kuna haja ya programu kubwa kama OpenFOAM au COMSOL? Naona watu wanachora tanuri zima na feni na kila kitu.

joto_na_nyuzi

Inategemea unauliza swali gani. Kwa swali la "kiini kinafika lini", kurasa kumi zinatosha. Kwa swali la "kwa nini safu ya mwisho inatoka rangi tofauti na ya kwanza", hapo unahitaji mwendo wa hewa, na OpenFOAM ni ya bure, inafaa, ila inataka uvumilivu wa kujifunza. Hewa ikipita katikati ya mbao inaacha joto njiani, kwa hiyo mbao za mbele zinakula moto, za nyuma zinapata mabaki. Pia kiasi cha joto kinachoingia kwenye uso kinategemea kasi ya hewa. Kwa ubao wake na hewa ya kawaida ya tanuri, ukilinganisha ugumu wa joto kuingia kwenye uso na ugumu wa kupenya ndani, vyote viwili vina uzito, huwezi kudharau kimoja.

Na wala sio jambo jipya. Hesabu za joto na unyevu kusafiri pamoja ndani ya vitu vyenye vitundu zinajulikana kwa jina la Luikov, mwanasayansi wa Kisovieti, tangu karne iliyopita. Kule Kanada, chuo kikuu cha Quebec cha Chicoutimi, wamefanya modeli za pande tatu za kupika mbao na kuzilinganisha na majaribio. Finland nao, taasisi yao ya utafiti ya VTT ndo ilikuza mchakato wa kupika mbao unaoitwa ThermoWood miaka ya 1990, na ukiangalia ratiba yao utaona walichokiheshimu: wanafika 100 haraka, halafu wanapanda polepole mpaka 130 na pale mbao zinakauka karibu kabisa, ndipo wanaenda 185 mpaka 215 kwa saa 2 au 3, mwisho wanapoza na kurudisha unyevu kidogo wa asilimia 4 mpaka 7. Muda mrefu hauko kule juu kwenye moto mkali, uko kwenye kukausha. Wewe RandaNyembamba uliipita 130 kama kituo ambacho basi halisimami.

RandaNyembamba

Wakuu nimerudi, samahani nilikimya siku 19, nilikuwa nafanya mliyosema.

Nilianza na themokapo mbili kama alivyosema laptopu_na_vumbi, ratiba yangu ileile ya zamani. Nilikaa mbele ya tanuri nikiandika kila dakika kumi. Mstari wa juu ulipanda vizuri. Mstari wa kiini ukafika 103, 104, 105, ukalala. Geji ya tanuri imeshafika 200, kiini 105! Ulikaa hapo zaidi ya saa nzima, na nilipozima moto kilikuwa 171. Nilibaki nimeshika karatasi tu, maana miezi yote hii nilikuwa naamini napika kwa 210.

Modeli bila maji ilinipa kiini 200 wakati huohuo, uongo mtupu. Nilipoweka maji, mstari wa kompyuta na wa kweli ukawa unapishana digrii 6 au 7 mahali pabaya kabisa. Nikafanya jaribio la pili lenye ratiba tofauti bila kugusa namba, zikapishana 9. Nimeridhika.

Halafu nikaiacha laptopu ijaribu ratiba usiku, nikaipa masharti mawili tu, tofauti ya ngozi na kiini isizidi digrii 15 ikishavuka 130, na uzito unaopotea nje na ndani ukaribiane. Iliyotoka ni kukaa 130 kwa saa 7, kupanda digrii 15 kwa saa mpaka 205, kukaa saa 2 na nusu. Kwenye kompyuta wakati wa kupanda kiini kilikuwa nyuma digrii 13, kwenye ubao wa kweli 12 mpaka 14.

Jana nimekata. Jicho halipo. Kahawia moja kutoka nje mpaka kati, nyufa sijaona hata moja kwenye mbao sita nilizokata, na ukikwangua kwa kucha haitoki vumbi. Harufu ya siki iko mpaka katikati. Nimekaa na hicho kipande mezani mpaka sasa.

Tatizo lililobaki ni safu mbili za upande wa mbali na feni, zimetoka rangi nyepesi kidogo.

Mzee wa Msasa

Hongera sana mwanangu. Hapo umefungua macho na kompyuta pamoja, sina neno. Wateja wako uwaambie tu ukweli kwamba mbao hizi zisizikwe ardhini, na mchwa bado wanazila.

joto_na_nyuzi

Safi sana! Hizo safu za mbali ni lile la hewa kuacha joto njiani. Kabla ya OpenFOAM jaribu kwanza kugeuza mwelekeo wa feni kila saa moja wakati wa kukausha, na hakikisha vijiti vya kutenganisha mbao vina unene mmoja na vimenyooka mstari mmoja kutoka chini mpaka juu, ziba na pengo la pembeni na juu ya mbao ili hewa isipate njia ya mkato. Kwenye modeli weka ubao mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, wa nyuma umpe hewa iliyopoa kwa kiasi ulichopima kati ya upande wa kuingilia na wa kutokea. Tupia hizo namba mbili hapa tuzione.

RandaNyembamba

Sawa mkuu, themokapo mbili za hewa nazifunga kesho asubuhi, moja kila upande. Na zile saa 7 za pale 130 sizipunguzi kwanza, hata mteja akinipigia simu mara ngapi.